Makofi Aliyopigiwa Konstebo Shedrack

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo kidogo cha polisi, barabara ya Sumbawanga kwenda Laela

Jina: Kalista Beda, mke wa Sebastiani
Umri: miaka arobaini na saba, kwa makisio yake mwenyewe
Kabila: Mfipa
Dini: Mkristo, Mkatoliki
Kazi: mkulima wa mahindi na ulezi
Makazi: kijiji cha Malembo, Sumbawanga
Elimu: darasa la pili, na kisomo cha watu wazima
Uhusiano na mtuhumiwa: mama yake mzazi
Tarehe: 16/7/1993, alasiri
Anayeandika: Sajini Theodory

Mimi ndiye Kalista niliyeandikwa hapo juu. Sajini ameniambia kwamba nikisema uongo nitashtakiwa mimi mwenyewe, nami nimekubali, maana uongo sina, nina haraka tu. Ameniambia pia niseme polepole ili kalamu inifikie. Nimekunywa maji. Sasa nasema.

Kesho Jumamosi mwanangu Fabiani, wa kwanza kwa wanaume, anafunga ndoa kanisani Laela na binti anayeitwa Monika, mtoto wa mzee Adolfu. Naomba hilo liandikwe kwanza, kwa sababu mengine yote yanaegemea hapo. Mzee Adolfu ni mtu mwema lakini ameumia. Binti yake mkubwa aliolewa na mwanamume wa ngumi, akarudi nyumbani mkono umevunjika. Tulipokwenda kuposa alitutazama mmoja mmoja, akasema, "Mahari tutaelewana. Mimi nauliza jambo moja. Huyu kijana wenu anapiga?" Mume wangu akajibu, "Hapigi hata mbwa." Mzee akasema, "Nikisikia amempiga mtu, hata kama ni siku ya harusi, mtageuza gari mrudi kwenu." Tukakubali sote. Mimi nilikubali nikicheka, maana mwanangu namjua.

Mnamo tarehe 16/7/1993, siku ya Ijumaa, ambayo ndiyo leo, tuliondoka Malembo asubuhi, umande ungali kwenye mabua. Mume wangu alikuwa ametangulia Laela. Tulipanda lori la Mzee Ngeleja, yule mwenye ng'ombe aliyehamia kwetu kutoka Usukumani. Tangu serikali ilipoyaachia mahindi kila mtu anunue, naye amepata lori, ananunua vijijini hadi Laela. Dereva wake ni kijana Mboje. Alikubali kutupakia juu ya magunia, sisi watu wa harusi, na mitungi ya pombe ya ulezi, na masufuria, na mbuzi mmoja aliyelia njia nzima kama anajua anakokwenda. Baridi ya mwezi wa saba huku kwetu mnaijua, lakini hakuna aliyeisikia. Wanawake tuliimba tangu kijijini mpaka sauti zikakauka. Fabiani alikaa mbele juu ya magunia, amevaa koti jeusi la mitumba alilolichagua mwenyewe sokoni Sumbawanga, lenye vifungo vya kung'aa. Nilimwambia alivue lisishike vumbi. Akasema, "Mama, nikilivua nitajuaje kama ni mimi ninayeoa?" Watu wakacheka, na baba yake mdogo Isdori, ambaye ni shemeji yangu, akasema, "Mwacheni, leo hata akinyeshewa hasikii."

Tulipokaribia kituo hiki tuliona kamba imefungwa barabarani kutoka pipa hadi pipa. Mboje akapunguza mwendo, akasimama. Sisi juu hatukuacha kuimba. Tulidhani wanatazama matairi, watuachie. Kulikuwa na askari mmoja kijana, mrefu, amebeba bunduki. Huyu ndiye niliyekuja kumjua kwa jina la Konstebo Shedrack. Ni mgeni huku, sijawahi kumwona kabla ya leo. Aliinua macho, akamwona Fabiani, akapaza sauti, "Wewe mwenye koti jeusi! Shuka! Mikono juu!"

Fabiani alishuka mara moja. Hakubisha, hakuuliza, hakukimbia. Aliruka chini, akainua mikono yote miwili, nami niliiona ikiwa juu. Nasisitiza hapo. Iliinuliwa.

Halafu askari akasogea mbele yake, karibu kabisa, na kofia yake, na mkanda wake, mtu mwenye madaraka. Na hapa Sajini ananitazama kwa sababu anataka nieleze vizuri, nami nataka kueleza vizuri kuliko yeye anavyotaka. Kwetu sisi, mtoto akilelewa vizuri, akikutana na mkubwa hasimami wima kama mti. Anachuchumaa, anakutanisha viganja, anapiga makofi taratibu huku ameinamisha kichwa. Hivyo ndivyo tunavyomsalimu mzee, mkwe, padre, na yeyote aliyepewa cheo. Ukimwona mtoto anampita mkubwa bila kufanya hivyo, unauliza mama yake ni nani. Fabiani mama yake ni mimi. Nilimfundisha kabla hajajua kufunga kamba za viatu.

(Shahidi amesimama, akachuchumaa mbele ya meza, akaonyesha. Makofi ni ya viganja vilivyokunjwa kidogo, yenye sauti nzito, si ya kushangilia. Ameombwa kurudi kwenye kiti. Sajini T.)

Basi mikono ya mwanangu ilishuka yenyewe. Alichuchumaa pale vumbini na suruali yake ya harusi, akampigia askari makofi.

Konstebo aliruka nyuma. Bunduki ikatoka begani. Nilisikia chuma kikilia. Akapiga kelele, "Nimesema mikono juu, wewe unanipigia makofi? Mimi nimefunga goli?"

Na sisi tulioko juu, badala ya kunyamaza, ndipo tukaharibu. Tulipoona bwana harusi anasalimu, tukaona aibu, kumbe sisi wakubwa tumepita bila kusalimu! Wanawake tukapiga magoti juu ya magunia, wanaume wakachuchumaa, gari zima likapiga makofi. Shemeji Isdori, ambaye alikuwa ameonja mtungi mmoja kuhakikisha haujachacha, akaongeza na kigelegele, mwanamume mzima. Konstebo akatutazama, jasho likimtoka na baridi yote ile. Akasema, "Haya. Mnanifanyia sherehe. Sawa." Akatoa pingu.

Nilipoona pingu nilishika ukingo wa gari. Vijana wetu watatu wakaruka upande wa pili wa gari na fimbo za kufukuzia ng'ombe. Mmoja alisema, "Yuko peke yake huyu." Mboje akatoa kichwa dirishani, akaniambia, "Mama, zuia watu wako. Gari si langu, na huyo jamaa ana bunduki."

Hapo nilikumbuka mkutano. Masika iliyopita katibu kata alikuja Malembo akazungumza juu ya mambo ya ulinzi, akatuambia jinsi ya kukaa na askari. Wakati ule nilikuwa napukuchua mahindi, namsikiliza kwa sikio moja. Alisema askari akikusimamisha, simama. Mikono yako aione. Usimkimbilie, usimzunguke, usimvute mtu aliyemshika. Akimchukua ndugu yako muulize jina lake, kosa ni nini, na anampeleka wapi, halafu mfuate huko kwa miguu yako, mkazungumze mbele ya mkubwa wake. Mimi nilijisemea moyoni, haya ni ya watu wa mjini, sisi polisi tutaonana naye wapi? Sasa nimeonana naye.

Niliwageukia wale vijana. Nikasema, "Rudini juu! Mwanamume atakayemsogelea askari na fimbo, wali wa mwanangu hatauonja. Nitasimama kwenye sufuria mwenyewe." Mmoja akasema, "Lakini shangazi, wanamchukua Fabiani!" Nikamwambia, "Ukimpiga askari watamchukua na wewe, nami nitabaki na mbuzi. Panda!" Wakapanda. Fimbo wakaziacha chini. Namshukuru Mungu kwa wali.

Mimi nilishuka polepole. Khanga yangu nilikuwa nimejifunga begani, nikaifungua nikaishika ili aone sina kitu ndani. Nikatangulia na viganja vyangu wazi. Konstebo akasema, "Mama, usinisogelee." Nikasimama pale pale, mguu mmoja mbele na mwingine nyuma, sikuuvuta hata ule wa nyuma.

Nikasema, "Baba, mimi ni mama yake. Nikuulize nikiwa hapa hapa?"

Akasema, "Uliza."

"Unaitwa nani, unampeleka wapi, na amekosa nini?"

Alinitazama kama mtu ambaye hajaulizwa hivyo siku nyingi. Akajibu, nami namshukuru kwa kujibu, "Naitwa Konstebo Shedrack. Nampeleka kituoni hapo mbele. Tunamtafuta kijana mwenye koti jeusi aliyeiba baiskeli ya mtu jana. Nilitaka kumuuliza tu. Sasa ameongeza na dharau."

Fabiani akasema, "Mama, mimi nimefanya nini?" Sauti yake ilikuwa ya utotoni, ile ya kuniita akiota. Nilitaka kwenda kumshika. Sikwenda. Nikamwambia, "Sijui, mwanangu. Tutajulia huko huko. Nenda naye. Usivute mkono, usimjibu ukali. Tuko nyuma yako." Akaenda. Kwa shetani na kwa malaika nasema, hakuvuta mkono.

Tukafuata mimi na shemeji Isdori tu. Wengine niliwaamuru wakae juu ya magunia, na wasiimbe.

Tulipofika hapa kituoni kulikuwa na basi la Tunduma limesimama, askari mwingine anatazama mizigo, na abiria wameshuka kunyoosha miguu. Mzee mwenye baiskeli alikuwa ameketi kwenye benchi. Akaletwa amtazame Fabiani. Akamzunguka, akasema, "Siye. Mwizi wangu ni mfupi, na koti lake lilikuwa na tundu mgongoni. Huyu koti lake zuri." Mimi nikapiga kigelegele palepale, nikakatazwa, nikaomba radhi. Nilijua yamekwisha. Niliinua mfuko wangu tuondoke.

Lakini Koplo Rhoda, aliyekuwa kaunta, akasema, "Bado, mama. Hilo la baiskeli limekwisha. Kuna hili la askari. Umeshuhudia?"

Konstebo alikuwa ameshatuacha, amerudi barabarani kwenye kamba yake. Nikasema nimeshuhudia mwanzo hadi mwisho. Yafuatayo ndiyo tuliyosemezana, na naomba yaandikwe hata kama yananichoma, kwa sababu kosa lilizaliwa hapo, kinywani mwangu mwenyewe.

Koplo aliuliza, "Mwanao alimfanya nini Konstebo?"

Nikasema, "Alimpiga makofi."

Akainua macho. "Unakubali kwamba alimpiga makofi?"

"Nakubali! Kwa nini nikatae? Alimpiga vizuri kabisa, kwa mikono miwili. Ndivyo nilivyomlea."

"Ulimlea hivyo?"

"Wote wangu nimewalea hivyo. Mkubwa yeyote akipita, wanampiga makofi. Hata padre."

"Hata padre?"

"Padre ndiye wa kwanza. Na mkwe wake mzee Adolfu, siku ya kuposa, alimpiga mpaka mzee akafurahi."

Shemeji Isdori akaona simtetei vya kutosha, akaingiza maneno yake. Akasema, "Afande, si yeye peke yake. Gari zima tulimpiga. Wanawake walimpiga na magoti."

Koplo Rhoda akaweka kalamu chini. "Wanawake walimpiga magoti?"

"Juu ya magunia," shemeji akasema, kifua mbele.

Abiria wa basi walikuwa wamejaa dirishani na mlangoni. Wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Mama mmoja mwenye kapu akasema, "Heee! Huyu si ndiye anayekwenda kuoa kwa mzee Adolfu, Laela? Bwana harusi huyu!" Na utingo wa basi, kijana wa mjini, akaruka juu ya ngazi akipiga bati, "Mambo hayo! Mshikaji kamzaba afande vibao, na mama mtu anasifia!" Mimi nilidhani wanafurahi pamoja nasi. Niliwapungia mkono.

Koplo akaandika kwenye kitabu, akamwambia Fabiani avue mkanda na viatu. Akasema, "Kumshambulia askari akiwa kazini. Hili halina dhamana ya hapa. Mkuu wa kituo amesafiri kikazi, asiporudi leo mtaonana mahakamani Jumatatu."

Nikasema, "Jumatatu? Ndoa ni kesho."

Akasema, "Mama, umekiri wewe mwenyewe." Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayenihurumia kwa kuwa na akili ndogo.

Mwanangu akaingizwa ndani, mlango ukafungwa. Basi likapiga honi, likaondoka kwenda Laela na ile habari yote ndani yake. Hapo ndipo nilipomkumbuka mzee Adolfu na neno lake. Nilimwambia shemeji, "Kimbia! Wasimamishe!" Isdori akalikimbilia basi barabarani anapiga kelele, "Ni heshima! Waambieni ni heshima!" Utingo akamjibu kwa kumpungia. Alirudi amejaa vumbi hadi kwenye nyusi.

Nilikaa kwenye benchi. Sikulia. Nilikuwa nazunguka na neno moja tu, nimesema nini kibaya? Nilisema kweli tupu, na ile kweli imemfungia mwanangu mlango.

Ndipo huyu Sajini Theodory anayeandika akaingia. Akasoma kitabu, akamwita Konstebo Shedrack. Akamuuliza, "Pole sana. Alikupiga shavu gani?"

Konstebo akasema, "Shavu la nini, afande?"

"Alipokupiga makofi."

"Nani kanipiga? Hakunigusa. Alinipigia makofi, afande. Mbele ya watu. Alinizomea kwa mikono, na gari zima likafuata."

Sajini akamtazama Koplo Rhoda, Koplo akanitazama mimi. "Mama, si umesema alimpiga?"

Nikasema, "Ndiyo, alimpiga makofi."

Sajini akaniuliza, "Alimpiga, au alimpigia?"

Nikasema, "Si ndiyo hayo hayo?"

Sisi nyumbani tunaongea Kifipa. Kiswahili ni cha sokoni na cha ofisini, nacho nakisikia vizuri, lakini nikishikwa na furaha au hofu maneno yananitoka nusu nusu. Na leo vyote viwili vilikuwa vimenishika. Sajini akakutanisha viganja vyake, paa, paa. Akasema, "Huku ni kumpigia." Halafu akapeleka kiganja kwenye shavu lake mwenyewe. "Huku ni kumpiga."

Niliona kila kitu kwa mara moja. Nilimwona padre anapigwa vibao na watoto wangu sita kwa zamu. Nilimwona mzee Adolfu anapigwa shavuni na mposaji wake huku anafurahi. Niliwaona wanawake wa Malembo wanamvamia Konstebo kwa magoti. Nilipiga yowe, Sajini akashika kofia. Nikasema, "Mama yangu! Herufi moja!" Koplo Rhoda akaficha uso kwenye kitabu, mabega yakimtikisika. Konstebo peke yake hakucheka.

Alisema jambo, nami nataka liandikwe kama alivyolisema. Nilimwambia, "Baba, yale ni salamu. Ni heshima kubwa tuliyokupa." Akaniambia, "Mama, nimekuelewa sasa. Lakini mtu niliyemwambia mikono juu akiishusha ghafla mbele yangu, simtazami uso nijue ana heshima gani. Natazama mikono. Kidole changu kilikuwa tayari."

Nikaitazama mikono yangu mwenyewe. Andika kwamba niliitazama.

Baadaye nilimuuliza, "Kwenu mkubwa mnamsalimuje?" Akasema, "Tunasema shikamoo, tumesimama wima." Nikamwambia, "Basi ningekuona wewe ningesema huyu hana mama." Akatabasamu kidogo. Naye ni mtoto wa mtu, simchukii. Amekuja Ufipa hajaambiwa tunavyosalimu, na mimi nimemlea mwanangu sikumwambia askari anavyosalimiwa. Mtu akisimamishwa, afanye kwanza alichoambiwa. Mikono ikiambiwa juu ikae juu mpaka iambiwe ishuke, hata kama aliye mbele yako ni askofu. Salamu inaweza kutoka kwa mdomo. Nikirudi Malembo nitaisema hiyo kwenye jumuiya yetu ya sala, na nitamwomba katibu kata aje tena, safari hii sitapukuchua mahindi. Lakini na ninyi, mkiletewa askari mgeni, mwambieni siku ya kwanza tu, huku watu wakikuchuchumalia hawakuchezei. Mnaona ni jambo dogo. Lingenizikia mtoto na koti lake la harusi.

Koplo Rhoda amesema kilichoandikwa kitabuni hakifutwi kwa mdomo, lazima maelezo yachukuliwe, mkuu wa kituo akirudi ayasome aamue. Ndiyo maana niko kwenye kiti hiki. Ninalosema ni hili: mwanangu Fabiani hakumpiga Konstebo Shedrack. Alimpigia. Nami sikumpiga, nilimpigia. Na gari zima hivyo hivyo, na shemeji Isdori pamoja na kigelegele chake.

Nina ombi moja, nisipolisema nitapasuka. Lile basi limefika Laela sasa. Mzee Adolfu ameshaambiwa mkwe wake anapiga watu, tena askari. Hata mkinitolea mwanangu jioni hii, nitafika mlangoni kwao nimkute mzee amefunga. Nimeona mna redio ya kuongea na Laela. Naomba apelekwe askari nyumbani kwa mzee akaseme ilivyokuwa. Askari, si mtu wa kwetu, maana wa kwetu hataaminiwa. Naomba Monika asikie kwa kinywa cha serikali kwamba anayemsubiri hapigi.

Nimesema yote niliyoyaona kwa macho haya na yaliyonitoka kinywani, ya kweli na ya kukosea. Nikiulizwa mbele ya hakimu nitasema vile vile, ila nitasema polepole.

Sahihi ya shahidi: KALISTA BEDA

Kumbukumbu ya mwandishi wa maelezo: Nimeandika kwa mkono wangu kama shahidi alivyosema. Nimemsomea. Alinisimamisha kila palipo na neno "alimpigia", akaweka kidole juu ya herufi aone ipo, ndipo akaniruhusu kuendelea. Sahihi ameiandika mwenyewe bila kusaidiwa. Maelezo ya Konstebo Shedrack yamechukuliwa pembeni, na yanakubaliana na haya.

Mkuu wa kituo amerejea na kusoma yote mawili. Ameamuru shauri lifungwe. Mtuhumiwa Fabiani Sebastiani ametolewa rumande saa kumi na nusu, hana jeraha, amerudishiwa mkanda na viatu. Mkuu ameagiza pia askari wote wapya wa kituo wakae na wazee wa hapa kabla ya kupangiwa zamu ya barabarani.

Ujumbe umetumwa kwa redio Laela. Askari wa zamu huko amekwenda kwa baiskeli nyumbani kwa Bw. Adolfu na kurudi na taarifa. Alikuta basi limemtangulia. Mzee alimsikiliza hadi mwisho, akamwambia arudie, akasikiliza tena, akaenda kuufungua mlango wake. Aliyejibu ni bibi harusi, akiwa ndani, kupitia dirishani: "Waulizeni mpaka sasa wanangoja nini huko."

Nimejibu kwamba lori limeshawashwa.

Theodory, Sajini